Mkuu wa Ghala Anapumzika

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudishwa nyumbani kama koki mbovu. Daktari kanipima presha, katikisa kichwa, kapima mkono wa pili, katikisa tena. Amesema nipumzike wiki nzima. Nisiinue kitu kizito, nisigombane na mtu, nisifikirie kazi. Nikamuuliza sasa nitafikiria nini. Akasema nisikilize muziki wa taratibu. Na huyu alisomea!

Mke wangu amelipokea neno la daktari kama amri ya jeshi. Nimefika nimekuta kiti changu kimesogezwa dirishani, kimewekewa mto, na kando yake mashine ya santuri ya binti yetu pamoja na sanduku lake zima la santuri. Binti alipohamishwa kikazi alituachia vyote hivyo, akasema chumba chake kipya hakina nafasi. Leo kapiga simu kunielekeza. Ni jazi ya kila namna, ya zamani na ya juzi, ipo ya kuamsha na ipo ya kulaza, nijichagulie.

Jazi ninayoijua mimi ni ya magitaa na kiuno. Hii siyo hiyo. Hii ina saksafoni inayoanza safari, inapotea njia, inauliza watu, inarudi, inapotea tena. Nimesikiliza upande mmoja mzima nikisubiri ifike. Wapi!

Si neno. Sina wasiwasi hata kidogo. Mimi ni mkuu wa ghala la mabomba la idara ya maji, na ghala lile limo kichwani mwangu. Koki, elbo, valvu, vyote najua mimi peke yangu vilipo. Miaka yote nimehakikisha iwe hivyo. Kwenye sanduku lililoandikwa Misumari hamna msumari hata mmoja. Kwenye lililoandikwa Rangi hamna rangi. Mwizi hapati kitu, na anayekitamani kiti changu hapati kitu vilevile. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Langu lipo, ila halionekani!

Anayekitamani kiti ni msaidizi wangu, ambaye tangu leo anaitwa Kaimu. Kijana mpole, ana adabu, anasalimia hadi walinzi. Mtu wa hatari sana. Nimeiweka simu mapajani. Kabla ya chakula cha mchana atakuwa amenipigia huku analia.

Jioni sasa. Hajapiga.

Jumanne, 4 Machi

Simu kimya. Nimeshuku ni mbovu. Nikaazima ya mke wangu kwa siri, nikajipigia. Ikalia vizuri kabisa. Mke wangu akatokea jikoni kuuliza nani anapiga. Nikasema mtu kakosea namba. Akasema ajabu, mbona mtu huyo ana simu ya mkewe mkononi.

Nimejaribu kupumzika. Santuri ya pili ni ya bendi kubwa, wanaume chungu nzima wanapuliza shaba kwa pamoja. Nimejikuta nawahesabia kazi. Yule wa ngoma anajituma. Yule wa besi ni mtu wa kutegemewa. Ila kuna mpuliza tarumbeta mmoja anapenda sifa, kila mwenzake akinyamaza yeye anasimama. Huyo angekuwa kwangu ningemhamishia nje kwenye mabomba ya saruji.

Mchana nikapata akili. Ikiwa Kaimu hapigi, basi nipige mimi, lakini kama mteja. Nikaweka leso kwenye simu, nikakaza koo, nikaomba valvu kubwa ya bomba kuu, haraka sana. Nilitaka tu nisikie akitapatapa. Kaimu akajibu kwa upole kwamba inatafutwa, mteja avumilie kidogo. Moyo wangu ukafurahi! Inatafutwa! Sasa, badala ya kukata simu, nikamwambia akiipata aandike kwa kalamu nyeusi, si ya buluu, na asiegemee kaunta wakati anaandika. 

Akasema, sawa mzee, ugua pole.

Nimezima simu. Nimezima na santuri. Kule nyuma mpuliza tarumbeta alikuwa amesimama tena.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kamleta Sista, jirani yetu, muuguzi mstaafu, na mashine yake ya kupimia presha. Sista hana maneno ya kubembeleza. Alitazama mashine, akanitazama, akauliza huku kupumzika kwangu nakufanyia wapi, barabarani?

Alikuta santuri ya ngoma na tarumbeta ndiyo inayolia. Akaiondoa mwenyewe, akapekua sanduku, akaweka nyingine. Ya piano peke yake. Mtu anagusa kidogo, anaacha, anagusa tena, hana haraka na mtu. Sista akaniambia nifumbe macho. Akapima upya. Imeshuka! Si sana, lakini imeshuka. Mke wangu akaketi kwenye mkono wa kiti, akasema hiyo ya piano imempendeza hata yeye, atakuwa akiiweka kila baada ya chakula.

Wao walisikia piano. Mimi nilisikia jambo jingine kabisa. Kama piano inashusha presha, basi tarumbeta inapandisha. Na kama inapandisha yangu, itapandisha ya mtu yeyote. Hata ya Kaimu!

Sijui kwa nini sikufikiri mapema. Kaimu akipimwa akakutwa na presha, naye atapewa wiki ya kupumzika. Ghala litabaki bila mkuu na bila kaimu. Watakuja kunibeba na kiti changu. Nimemwambia mke wangu kwamba ningependa Ijumaa tumwalike yule kijana anayenishikia kazi, aje apumzike na sisi, na Sista naye awepo, maana vijana siku hizi hawapimi afya zao. Mke wangu kanitazama kwa huruma niliyokuwa sijaiona tangu tulipooana. Kasema kumbe daktari alijua anachofanya.

Kweli anajua. Moyo wangu mweupe.

Alhamisi, 6 Machi

Siku nzima ya maandalizi. Nimepanga santuri kwa ukali wake, kutoka ile ya mama mwenye sauti ya kukwaruza hadi ile ambayo saksafoni mbili zinatukanana. Nimekipima kiti cha mgeni kwa hatua na kukiweka mbele kabisa ya spika. Mke wangu kanikuta nimepiga magoti nachungulia kama spika imelenga sikio. Kaniletea mto wa magoti. Maskini, anadhani nafanya mazoezi.

Simu kimya. Hivi wanakula nini hao watu, mpaka hawana swali hata moja?

Ijumaa, 7 Machi

Kaimu kaja baada ya kazi, matunda mkononi. Kwanza suruali. Imelowa hadi magotini! Mkuu wa ghala, hata wa muda, anaingia nyumba ya watu amelowa kama katoka kuvua! Nikasema moyoni, mpira umeingia wavuni kabla mchezo haujaanza. Hata mkurugenzi akimwona hivi atajua nani ni nani. Macho mekundu pia. Nikamkaribisha kwa mikono miwili, nikamkalisha kwenye kile kiti.

Nikaanza na bendi kubwa. Akasema asante mzee, muziki mzuri. Nikaongeza sauti. Nikaweka ile ya ngoma. Akajiegemeza. Nikaweka ya saksafoni mbili, sauti hadi vikombe vikawa vinacheza kabatini. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Kaimu alikuwa amelala. Amelala fofofo! Mdomo wazi, mikono imeachia, miguu yake iliyolowa imenyooshwa kwenye zulia langu. Mimi nimekaa wiki nzima kwenye nyumba yangu, kwenye kiti changu, sijaweza kulala hivyo hata kidogo.

Sista akampima akiwa usingizini. Akasema presha ya mtoto mchanga. Akanigeukia mimi. Nilikuwa jasho linanitoka kwa kubadilisha santuri. Akanipima, akaita mke wangu, wakanong'ona. Nimeambiwa niende kulala mara moja. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mbona huyu mwingine alipita ukingoni bila hata kuteleza?

Kabla hajaondoka, Kaimu aliinama karibu yangu. Akaanza kusema, mzee, kuna kitu nilitaka kuuliza kidogo. Mke wangu akamtolea jicho kutoka mlangoni. Kijana akafunga mdomo, akasema alitaka tu kuuliza ile ya mwisho inaitwaje. Mwongo! Nimeyaona yale macho. Ni macho ya mtu mwenye hatia. Alitaka kuniuliza kama anaweza kuhamia rasmi kwenye kiti changu, na aibu ikamshika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika.

Asubuhi niliamka na azimio. Kama mchezo wenyewe ni kupumzika, nitapumzika kumshinda. Nikakaa alivyokaa. Nikaachia mikono. Nikafungua mdomo. Nikaweka ile ya kinanda na besi, polepole. Nilikuwa naanza kuweza, naapa, Sista alipoingia kumpa mke wangu habari njema. Mkwe wake, mke wa mwanawe, amejifungua jana katika hospitali ya mji. Mtoto wa kike, mzima, sauti ya kutosha.

Mke wangu akashangilia. Sista akasema ashukuriwe Mungu, lakini ilikuwa kazi. Wodi ya wazazi haina maji tangu Jumanne. Valvu kubwa imepasuka. Watu wa idara ya maji wamekuja, vitabu vyao vinasema valvu za aina ile zipo ghalani, lakini hakuna anayeziona. Wamefungua masanduku mpaka wamechoka. Basi wale vijana wa ghala wamekuwa wakibeba ndoo kutoka bomba la barabarani, asubuhi na jioni, wamelowa chapachapa, na kiongozi wao ni yule aliyelala hapa jana. Akasema manesi walimwuliza kwa nini hawampigii aliyezipanga. Akawajibu kwamba mzee ni mgonjwa, mama aliomba asisumbuliwe, na yeye amekataza mtu yeyote kupiga simu ile.

Muziki ulikuwa unaendelea. Yule wa besi alikuwa anatembea taratibu, hatua moja moja. Mke wangu hakumtazama Sista. Alinitazama mimi.

"Baba watoto," akasema, "valvu ziko wapi?"

Nilisema kwenye sanduku la Misumari. Rafu ya chini. Nyuma ya lile la Rangi.

"Kwa nini ziko kwenye misumari?"

Ningeweza kusema wezi. Nimekuwa nikisema wezi miaka yote. Lakini Sista alikuwa amesimama pale na harufu ya sabuni ya hospitali, na mimi niliijua valvu ile, niliipokea kwa mikono yangu, niliificha kwa mikono yangu, nikacheka peke yangu. 

"Ulikuwa unasubiri wakuombe," mke wangu akasema.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akainua simu iliyokuwa mapajani mwangu wiki nzima, akanipa.

Kaimu alipokea haraka. Nikamwambia. Hakuuliza kwa nini. Hakuuliza chochote. Nilisikia anawapigia wenzake kelele, sanduku la Misumari, sanduku la Misumari, halafu kitu kizito kikaburutwa sakafuni, halafu watu wakashangilia kana kwamba wamefunga goli. Akarudi kwenye simu, anahema.

"Asante mzee. Sasa lala."

Nimeona aibu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Vijana wamebeba ndoo ili mimi nisikilize saksafoni, nami nilikuwa nampulizia mmoja wao tarumbeta apate presha.

Mke wangu naye alilia kidogo jikoni. Anasema ni yeye aliyeomba nisipigiwe, na jana alipomtolea kijana jicho alidhani anamkinga mumewe. Nikamwambia hana kosa. Akasema anajua hana.

Jumapili, 9 Machi

Maji yanatoka. Sista kapita mapema kusema. Kapima presha, kavua miwani, kavaa, kapima tena. Imeshuka. Ya mtu mzima mwenye akili zake, ndivyo alivyosema.

Baada ya chakula mke wangu kaweka ile ya piano. Mara hii sikumhesabia mtu kazi. Nilisikia tu. Kuna mahali yule mpigaji anaacha kabisa, unadhani amesahau, halafu anarudi na noti moja ndogo, nawe unagundua ulikuwa umeshika pumzi. Mke wangu aliegemea bega langu.  Kisha ya mama mwenye sauti ya kukwaruza, na kumbe hakwaruzi bure, ana jambo linamuuma. Hata yule mpenda sifa wa tarumbeta nimemsamehe. Watu wengine wakinyamaza ni lazima mmoja asimame.

Nililala kitini. Mdomo wazi, nimeambiwa.

Nimeapa mbele ya mke wangu. Sitaficha kitu tena ghalani. Kila sanduku litabeba jina lake. Akasema atashukuru.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari amefurahi. Kauliza nimefanya nini. Nikasema ni jazi tu, jazi ya kila namna. Ameandika. Atawaambia na wagonjwa wengine. Sikuona sababu ya kumchosha na habari za valvu.

Kaniruhusu kurudi kazini wiki ijayo. Nikapitia ghalani, kusalimia tu. Loo! Kila sanduku limeandikwa upya, herufi kubwa, kalamu nyeusi. Koki kwenye Koki. Elbo kwenye Elbo. Hata yule mlinzi wa getini, asiyejua bomba la kuingia na la kutoka, alimpa fundi alichotaka bila kuuliza mtu. Kiti changu kimefutwa vumbi, hakuna aliyekikalia. Kaimu wiki nzima alikuwa anakalia kreti. Wakanipokea vizuri, wakaniuliza afya. Nikaketi pale, nikawapongeza, nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Fundi akaja, akahudumiwa, akaondoka. Mwingine akaja, akahudumiwa, akaondoka. Hakuna aliyenigeukia. Kaimu akasema niende nikapumzike, wasije wakanichosha.

Njiani moyo ulianza kunienda mbio. Si kwa hasira. Nimekwishasamehe wote. Ni ile hali ya kukaa mahali ulipozaliwa kikazi na watu wakupite kushoto na kulia kama nguzo.

Ahadi ni ahadi. Ghalani sitagusa sanduku. Niliapa kuhusu ghala, na mimi ni mtu wa neno langu.

Jumanne, 11 Machi

Siku tulivu. Nimetumia asubuhi kupanga santuri za binti, maana ziliachwa ovyo. Nimezitoa zote kwenye majalada yake na kuzirudisha kwa mpango wangu mwenyewe, mpango mzuri sana, ukiujua. Bendi kubwa imo kwenye jalada la mama wa kukwaruza. Mama yumo kwenye saksafoni. Saksafoni zimo kwenye jalada la besi. Mwizi akija hatapata kitu.

Baada ya chakula, mke wangu kaenda kwenye sanduku, kachomoa jalada la piano, kaweka. Ikalipuka tarumbeta, kajiwekea mkono kifuani kwa mshtuko. Kaondoa. Kajaribu jingine. Ngoma. Jingine, wale wawili wanaotukanana. Mimi nimefumba macho kitini, nasikia majalada yakichakurwa, yakichakurwa.

Kisha akaniita. "Baba watoto, ile ya piano iko wapi?"

Sijawahi kupumzika namna hii. Mikono yenyewe imeachia. Nimemwacha aite mara ya pili.